Malkia atalifikiria: historia fupi ya "hapana" ya Waingereza

Shuleni tulifundishwa kwamba Kiingereza kina neno la kukataa, nalo ni "no". Herufi mbili tu. Mwalimu akaliandika ubaoni, tukaliimba darasa zima, tukahamia somo lingine. Kitu ambacho hatukuambiwa ni kwamba wenye lugha yao wanalitumia neno hilo kwa uchache sana, hasa pale ambapo kukataa kwenyewe ni kuzito. Ukianza kazi mjini, ukaanza kuandikiana barua na mabosi, wafadhili na mabalozi, ndipo unapokutana na hapana yao halisi. Inakuja imevaa suti. Inakushukuru kwanza. Inasifu wazo lako. Inasema italikumbuka. Wewe unaondoka umefurahi, unawaambia na wenzako mambo yameiva, kumbe umekwisha kataliwa tangu mstari wa pili.

Wengi tunasema ni tabia tu ya Wazungu, ni ustaarabu wao. Mimi nimekuwa nikisoma soma historia ya jambo hili kwa muda sasa, na nadhani kuna zaidi ya ustaarabu hapo. Hebu nikusimulie halafu uamue mwenyewe.

Tuanzie London, tarehe 11 Machi 1708. Malkia Anne amekaa na muswada mbele yake. Bunge limeshaupitisha, mabaraza yote mawili. Muswada unahusu kuwapa silaha wanamgambo wa Scotland, nchi iliyokuwa imeunganishwa na England chini ya mwaka mmoja tu kabla, tarehe 1 Mei 1707. Sasa imekuja habari kwamba meli za Ufaransa ziko njiani kwenda Scotland, zimembeba James Stuart, mtu aliyekuwa akidai kiti hicho hicho cha Anne. Mawaziri wakashtuka. Je, hizo silaha wakipewa Wascotland, zitamwelekea nani? Wakamshauri malkia akatae.

Basi malkia akakatae vipi? Hakusema hapana. Yalitamkwa maneno ya Kifaransa cha kale, kilichobaki Bungeni tangu enzi za Wanormani: "La Reyne s'avisera". Maana yake ni kwamba malkia atalifikiria. Basi. Muswada ukafa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyekaa kusubiri matokeo ya hayo mawazo ya malkia. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba "atalifikiria" ni hukumu.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kwa mfalme au malkia wa Uingereza kukataa muswada uliopitishwa na Bunge. Zaidi ya miaka 300 imepita. Lakini lile neno la kukubali, la kwamba mfalme anataka iwe hivyo, linatamkwa hadi leo kwa Kifaransa kile kile. Lile la kukataa limebaki kabatini. Nalipenda sana tukio hili kwa sababu linaonyesha kitu: hapana laini kabisa katika historia ya siasa za Waingereza ilitoka kwa mtu aliyekuwa juu ya wote. Hakuwa na haja ya kumwogopa yeyote mle ndani, na bado hakulitaja lile neno.

Turudi nyuma kidogo, karne moja na ushei, kwa malkia mwingine. Elizabeth wa Kwanza. Mwaka 1586 binamu yake Mary, aliyewahi kuwa malkia wa Scotland, alipatikana na hatia ya kushiriki njama ya kumuua Elizabeth. Bunge likamwomba Elizabeth amnyonge, yaani kwa desturi yao amkate kichwa. Hapo mama alikuwa na kesi ngumu. Akikubali, anamuua malkia mwenzake aliyepakwa mafuta, na kuufundisha ulimwengu kwamba malkia anaweza kukatwa kichwa kama mwizi. Akikataa, anamwacha hai mtu anayetakiwa na maadui zake wote. Mwezi Novemba mwaka huo akawajibu wabunge kwa hotuba ndefu, akawashukuru, akawasifu kwa upendo wao, kisha akawaomba waridhike na jibu ambalo yeye mwenyewe aliliita jibu lisilo jibu.

Wabunge wakarudi nyumbani na hilo jibu lao. Tarehe 1 Februari 1587 Elizabeth akatia saini hati ya kifo. Tarehe 8 Mary akakatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay. Habari zilipofika, Elizabeth akawaka. Akasema hakukusudia hati ile itoke. Aliyefungwa ni katibu wake, William Davison, aliyeichukua hati iliyosainiwa na kuikabidhi kwa wakubwa wenzake wa serikali. Alitupwa katika gereza la Mnara wa London.

Naomba umkumbuke huyu Davison, maana tutakutana na ndugu zake wengi huko mbele. Mkubwa anasema maneno yenye milango miwili. Mdogo anapita mlango mmoja. Mambo yakiharibika, mkubwa anasema, mimi nilimaanisha ule mwingine.

Sasa tuulize, kwa nini Kiingereza hasa? Lugha zote zina namna za kulainisha. Sisi wenyewe tuna "bado". Muulize mtu kama ana watoto, hawezi kukwambia hana, atakwambia bado, hata kama ana miaka 70. Tuna "inshallah" na tuna "njoo kesho". Lakini Kiingereza kilipitia jambo moja la ajabu ambalo linaeleza mengi.

Zamani Kiingereza kilikuwa na wewe na nyinyi, kama sisi. Wewe ilikuwa "thou", na nyinyi ilikuwa "ye" au "you". Baada ya Wanormani kuivamia England mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama, na karne zilizofuata Waingereza wakaiga desturi ya kumwita mkubwa kwa wingi. Bwana anaitwa nyinyi, mtumishi anaitwa wewe. Kwa hiyo kila ukifungua mdomo ulikuwa unapima cheo cha mtu. Mwaka 1603, katika kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh, mwanasheria mkuu Edward Coke alimtukana mshitakiwa kwa kumwita "thou" na kumwonyesha wazi kwamba anafanya hivyo makusudi. Wewe lilikuwa tusi mahakamani!

Halafu wakaja Waquaker katikati ya karne ya 17, hawa ambao jirani zetu wa magharibi mwa Kenya wanawafahamu kama Kanisa la Marafiki. Kiongozi wao George Fox alishikilia kwamba binadamu wote ni sawa mbele ya Mungu, kwa hiyo kila mtu ataitwa wewe, awe hakimu au mchunga kondoo. Walipigwa kwa ajili ya hilo, na mbele ya mahakimu lilichukuliwa kuwa dharau. Fikiria, kupigwa kwa ajili ya kiwakilishi!

Lakini mwisho wa yote kilichoshinda ni nyinyi. Watu wa mjini, hasa wafanyabiashara wa London ambao hawakujua nani ni nani, waliona salama ni kumwita kila mtu kwa heshima. "Thou" likafa katika mazungumzo ya kawaida ya wengi, likabaki kanisani, kwenye mashairi na katika lahaja za vijijini. Waingereza wakabaki na neno moja kwa mfalme na kwa mbwa.

Hapo heshima ikahitaji pa kuishi. Haikai tena kwenye kiwakilishi, na wao hawana shikamoo. Ikahamia kwenye vitenzi na vijineno vidogo: ingewezekana, pengine, nadhani, naogopa kwamba, kidogo, kwa kweli. Hata hivyo usifikiri ilitokea kwa siku moja. Watafiti wawili, Jonathan Culpeper na Jane Demmen, walionyesha mwaka 2011 kwamba ile namna ya kuomba ambayo leo tunaiona ndiyo Uingereza yenyewe, ya kumuuliza mtu kama anaweza kukupa chumvi badala ya kumwambia akupe, ilikuwa adimu sana hapo zamani na ilishika mizizi katika karne ya 19. Ni karne ya viwanda, miji mikubwa na tabaka la kati, watu wanaojali sana kwamba mtu asiingiliwe mambo yake. Kwa hiyo huyu Mwingereza mpole tunayemjua si wa enzi na enzi. Ametengenezwa, na si zamani sana.

Katikati ya safari hiyo kuna barua moja ambayo kila mwandishi anapaswa kuijua. Mwaka 1747 Samuel Johnson, mtu maskini mwenye kipaji, alimwelekezea Lord Chesterfield mpango wake wa kuandika kamusi ya Kiingereza, akitarajia msaada. Chesterfield ndiye aliyekuwa bingwa wa adabu njema wa zama zile. Hakumkatalia Johnson. Ila Johnson alijikuta akisubiri kwenye vyumba vya nje, siku zikapita, miaka ikapita, saba. Kamusi ilipokaribia kutoka, Chesterfield akaandika gazetini kuisifu, kama mlezi wake vile.

Tarehe 7 Februari 1755 Johnson akamjibu. Kwa lugha safi kabisa akamweleza kwamba mlezi wa namna hii ni kama mtu anayekutazama ukizama, halafu ukishafika nchi kavu anakuja kukusumbua na msaada. Akamalizia kwa kujiita mtumishi mnyenyekevu na mtiifu wa bwana mkubwa, kama desturi ya barua ilivyotaka. Hakuna tusi hata moja. Inasimuliwa kwamba Chesterfield aliiacha barua hiyo mezani kwake na kuwaonyesha wageni, akiisifia namna ilivyoandikwa vizuri! Hapo unaona adabu ikitumika kwa njia mbili. Mkubwa aliitumia kumsubirisha mdogo bila kumwambia lolote. Mdogo naye akaigeuza kuwa panga.

Ule mtindo wa mtumishi mtiifu ulisafiri na meli ukafika hadi kwetu. Ukisoma barua za serikali ya kikoloni utaona ofisa mwenye uwezo wa kukuondoa kwenye shamba lako anakuandikia kwamba ana heshima ya kuwa mtumishi wako mtiifu. Na tukatendewa hapana laini nyingine kubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, kaskazini mwa mlima Meru, kupisha mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Wameru wakachanga pesa, wakamtuma Kirilo Japhet na wakili wao Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo akasimama Umoja wa Mataifa, New York, mbele ya Baraza la Udhamini, kuieleza dunia yaliyowapata.

Alisikilizwa kwa heshima. Baraza likasikitika kwamba watu waliondolewa pasipo ridhaa yao, likatoa ushauri. Suala likaenda hadi Baraza Kuu, ambako pendekezo la kurudishiwa ardhi lilikosa theluthi mbili za kura. Ardhi haikurudi. Hebu fikiria umetoka Meru, umevuka bahari kwa michango ya wazee, ukarudi na neno "tunasikitika". Utawapa nini wazee? Katika Kiswahili, anayesikitika ni yule anayekuja kukaa nawe matangani. Katika Kiingereza cha ofisini, kusikitika ni namna ya kufunga faili. Ni neno moja kwenye kamusi, lakini ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Tukumbuke pia kwamba safari ya Kirilo haikupotea bure, maana kesi hiyo iliwaamsha wengi nchini. TANU ikazaliwa mwaka 1954.

Mwaka huo huo wa 1951, mwezi Aprili, mbali sana na Meru, Waingereza wenyewe walionja dawa yao. Ni vita vya Korea. Kwenye mto Imjin, kikosi cha kwanza cha Gloucestershire, askari wapatao 650, kilikuwa kimezingirwa na maelfu ya Wachina. Inasimuliwa kwamba brigedia wao, Tom Brodie, alipozungumza na jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yake, Robert Soule, alimwambia mambo yamekuwa "a bit sticky", yaani yananata kidogo. Kwa sikio la Mwingereza, hiyo ni kusema tunakwisha, tuokoeni. Mmarekani akasikia: magumu kidogo, lakini tunamudu. Kikosi kikabaki pale kilimani. Maneno peke yake hayakukimaliza, maana Wachina walikuwa wengi mno na silaha zao ni za kweli. Lakini hadi tarehe 25 Aprili askari zaidi ya 500 wa kikosi kile walikuwa wamechukuliwa mateka, akiwemo kamanda wao James Carne. Waliofanikiwa kutoroka ni karibu 40.

Kuna kisa kingine ambacho kila nikikifikiria nywele zinanisimama. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 kutoka Colombia inakaribia New York. Hali ya hewa ni mbaya, wameambiwa wazunguke hewani, wakazunguka jumla ya saa 1 na dakika 17. Mafuta yanakwisha. Rubani msaidizi ndiye anayeongea na waongoza ndege kwa Kiingereza, lugha isiyo yake. Wanajaribu kutua, wanashindwa. Nahodha anamwambia kwa Kihispania awaambie ni dharura. Yeye anasema tunaishiwa mafuta, bila kulitaja lile neno dharura. Mwongoza ndege anawapeleka mbali zaidi kabla ya kuwarudisha, na anauliza kama hilo ni sawa kwao na kwa mafuta yao. Rubani msaidizi anajibu: "I guess so, thank you very much". Nadhani ni sawa, asante sana.

Dakika chache baadaye injini zikazima, ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Ndani walikuwemo watu 158, wakafa 73. Haikuwaka moto. Hakukuwa na mafuta ya kuwaka.

Nadhani. Asante sana. Huyu kijana alikuwa amejifunza Kiingereza vizuri kabisa, hadi adabu yake. Alichokosa ni ruhusa ndani ya moyo wake ya kumwambia mwenye mamlaka: hapana, hatuwezi kwenda huko. Mtaalamu wa lugha Robin Lakoff aliandika mwaka 1975 kwamba wanawake wa Kimarekani walifundishwa tangu utotoni kusema kwa kusitasita, halafu wakadharauliwa kwa sababu wanasitasita. Penelope Brown na Stephen Levinson nao, katika kazi yao iliyotoka mara ya kwanza 1978, walieleza kwamba tunalainisha maneno kadiri ya mambo matatu: umbali uliopo kati yetu, nguvu aliyonayo yule tunayemwambia, na uzito wa jambo lenyewe. Angalia hiyo hesabu vizuri. Jambo likiwa zito, na mkubwa akiwa mkubwa, ndipo ulimi unapozidi kulainika. Yaani pale pale ambapo ukweli unahitajika zaidi!

Watu wa ndege waliona hatari hiyo wakatafuta dawa. Mashirika yakaanza kuwafundisha marubani wadogo kumpinga nahodha waziwazi. Kwenye lugha rasmi ya redio rubani ana neno moja tu la kusema kwamba agizo hilo hawezi kulifuata: "unable". Siwezi. Halina samahani mbele wala pengine nyuma. Kiingereza hicho hicho, kikiwa na roho za watu mkononi, kilirudi kwenye hapana fupi.

Sasa tuje kwetu, maana hii si habari ya Waingereza tu. Katika kazi yangu ya uandishi napokea majibu ya Kiingereza kila wiki. Nimeuliza ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuhusu pesa za mradi fulani wa maji. Jibu: swali lako limepokelewa kwa shukrani. Nikauliza tena. Jibu: tunathamini sana nia yako. Mara ya tatu: tutawasiliana nawe kwa wakati muafaka. Barua tatu, zote tamu, hakuna hata moja iliyosema hatutakwambia. Na kwa kuwa hawakusema, siwezi kuandika kwamba wamekataa, kwa sababu wataniambia hawajakataa! Hapo utaona faida yake. Aliyekataa hana alama ya kidole popote.

Tena tumeshaitafsiri tabia hiyo kwa Kiswahili. "Suala lako linafanyiwa kazi." "Mchakato unaendelea." "Tumelipokea." Hizi siyo lugha za bibi zetu. Bibi akikunyima alikunyima, halafu akakupa muhindi wa kuchoma uendelee na safari. Na magazetini naona tunaandika kwamba mfadhili fulani "ameahidi kuangalia uwezekano", tunaweka kichwa cha habari kikubwa, wanakijiji wanasubiri daraja. Ukilisoma lile tamko la Kiingereza alilotoa, mfadhili kasema hapana. Sisi tumetafsiri maneno, hatukutafsiri hapana.

Sisemi tuwe wakali. Mimi mwenyewe ni mtu wa Pwani, kumwambia mgeni hapana usoni inanipa tabu kama kumeza mwiba wa samaki. Adabu ni mali, inatusaidia kuishi pamoja bila kuchomana visu. Jirani akikuomba gari na wewe hutaki, mwambie breki hazieleweki, mtaamkiana kesho. Hapo hakuna aliyeumia.

Kipimo changu ni kimoja: nani analipa gharama ya kutoelewana? Malkia Anne na wabunge wake walielewana, hakuna aliyedanganyika. Lakini Davison alilipa kwa kifungo. Askari wa Gloucester walilipa, abiria wa ndege walilipa, Wameru walilipa. Kama anayebaki gizani ni yule mdogo, anayesubiri kazi, ardhi, maji au matibabu, basi ule ulaini si adabu tena. Ni mkubwa kujifichia nyuma ya maua. Mtu aliyeambiwa hapana asubuhi anaweza kwenda kutafuta pengine mchana. Aliyeambiwa "tutalifikiria" anakaa kwenye benchi hadi jioni, na kesho anarudi kukaa tena.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, ambaye labda kesho asubuhi utaketi ofisini kujibu barua ya mtu: kama jibu ni hapana, mwandikie hapana. Mshukuru, mpe pole, mpe na sababu, lakini neno lenyewe liwemo ndani. Na kama wewe ndiye unayesubiri, hesabu ni miezi mingapi tangu wakwambie watalifikiria. Malkia Anne hadi leo hajamaliza kufikiria.

Wewe je, hapana gani tamu kuliko zote umewahi kupewa kwa kimombo? Niambie.